Bi Dalili na Chumba cha Sala Kilichokosa Kibla

Tarehe thelathini ya mwezi huu, kengele ya mwisho itakapolia, mwalimu wetu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu atafunga droo ya meza yake na kustaafu rasmi, baada ya kuifundisha shule hii kwa miaka thelathini na miwili. Nasema "kuifundisha shule" wala si "kuwafundisha wanafunzi", na nimekusudia. Hakuna aliyepita katika majengo haya, awe mwanafunzi, mwalimu, mpishi au mkaguzi, ambaye hakuondoka na somo kutoka kwake, mara nyingi bila kuliomba.

Jina lake la kuzaliwa wengi wetu tulishalisahau. Humu ndani anaitwa Bi Dalili, na jina hilo alilipata katika wiki yake ya kwanza. Alikuwa binti mwembamba mwenye begi la vitabu lililomzidi uzito, akapewa kipindi ambacho hakuna mwalimu aliyekitaka: cha baada ya chakula cha mchana, katika darasa lililopakana na jiko. Wanafunzi walikuwa wamezoea kukitumia kipindi hicho kwa usingizi. Akauliza mambo yanayobatilisha udhu. Mwanafunzi mmoja, macho nusu yamefumba, akajibu kwamba ukianza sikio la kushoto kabla ya la kulia udhu wako umekwisha, kwa sababu bibi yake alimwambia hivyo.

"Nampenda bibi yako, na salamu zangu umfikishie," akasema. "Sasa, dalili?"

Yaani ushahidi: aya, hadithi, au kauli ya mwanachuoni mwenye hoja. Mwanafunzi hakuwa nao. Darasa likaamka, na tangu siku hiyo halikulala tena.

Shida ni kwamba swali lile halikubaki darasani. Lilimfuata mpaka ofisi ya walimu. Mtu akisema sukari imekwisha, Bi Dalili ataomba aletewe kopo aone. Mtu akisema mkuu wa shule amekasirika, ataulizwa ameyatoa wapi na nani alisikia. Mwalimu wa michezo aliwahi kuomba ruhusa akisema ana mafua makali. Bi Dalili, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye daftari alilokuwa akisahihisha, akauliza, "Dalili?" Mwenzetu akaanza kuzitaja kwa uaminifu: makamasi, koo kuwasha, kichwa kugonga. Tunaamini hiyo ndiyo mara pekee ambayo swali lile lilipata jibu kamili papo hapo.

Wanafunzi nao hawakukosa njia ya kulipiza. Karatasi zao zilirudi zimejaa neno hilo kwa wino mwekundu pembezoni, mpaka mmoja, katika mtihani wa muhula, akaandika chini ya jibu lake: "Kwa dalili, tazama karatasi ya jirani yangu." Alipata sifuri, lakini Bi Dalili alilisoma jibu hilo mbele yetu wakati wa chai huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Mimi ninayeandika haya nafundisha jiografia, na meza yangu imepakana na yake tangu nilipoajiriwa. Ukuta kati ya darasa langu na lake ni mwembamba, kwa hiyo nimesoma somo lake lote, mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi kuliko nilivyosoma la kwangu. Nguzo za imani nazijua. Nilikuwepo, upande wa pili wa ukuta, siku alipokuwa akifundisha kuhusu malaika wanaoandika matendo, na mtundu mmoja akauliza kama na wao hupumzika kipindi cha baada ya chakula. Nilikuwepo alipokuwa akieleza jinsi vitabu vilivyotafsiriwa Baghdadi, karatasi ilivyofika huko, na hospitali zilivyojengwa na wodi zake na bustani zake, kwa undani kiasi kwamba mwanafunzi mgeni alinyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, wewe ulikuwa unakaa mtaa gani pale?"

Somo la mirathi ndilo lililompa umaarufu. Kila mwaka alikuja na mkate mzima na kisu, na kila mwaka kiranja wa darasa alilazimika kufa. Marehemu alilazwa kwenye benchi, akafunikwa koti, na wenzake wakagawiwa nafasi: huyu mke, huyu mama, huyu mtoto wa kiume, huyu wa kike. Kisha Bi Dalili alikata mkate kama sheria inavyotaka: thumni, yaani moja ya nane, kwa mke, sudusi, yaani moja ya sita, kwa mama, na kilichobaki kwa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mtoto wa kiume alianza kutabasamu. Hapo ndipo alipomgeukia.

"Umefurahi, sivyo? Sasa dada yako hajaolewa. Matumizi yake ni juu ya nani?"

Na mtoto wa kiume alilazimika kumlisha dada yake kutoka kwenye kipande chake kikubwa, mbele ya watu, mpaka kipande kikawa si kikubwa tena. Marehemu, ambaye hakuambulia hata chembe, alikuwa akisikika chini ya koti akilalamika.

Nisije nikaonekana namsifu tu. Bi Dalili hajawahi kufika kwenye kikao cha walimu kwa wakati. Mtu anayejua dakika ya kuingia kila sala, anayeweza kukuambia adhuhuri imeingia kwa kutazama kivuli cha mlingoti, huyo huyo akiambiwa kikao ni saa nane huingia saa nane na nusu, taratibu, na kikombe mkononi. Mkuu wa shule alipomhoji, alijibu kwa upole kwamba wakati una mwanzo na mwisho, na kwamba yeye amefika ndani ya wakati. Kumbukumbu za kikao kile zinaonyesha tu kwamba "suala liliahirishwa".

Lakini kama ningeruhusiwa kusimulia jambo moja tu kumhusu, lisingekuwa mojawapo ya hayo. Lingekuwa lile la chumba cha sala, na nalisimulia kwa kirefu kwa sababu walimu wapya wanaliona zulia lenye mistari ya mshazari mle ndani na kudhani fundi alikuwa amelewa.

Chumba chetu cha sala kilijengwa miaka mingi iliyopita na ndugu wawili. Mkubwa alikuwa fundi mwashi, mdogo alikuwa msaidizi wake. Kazi ilipokwisha, mdogo akaajiriwa kuwa mlinzi wa geti, na ndiye huyu mzee wetu mnayemfahamu, anayewasalimia wote kwa majina na kuwauliza habari za nyumbani kabla ya kuwafungulia. Kaka yake naye hakuondoka kabisa. Aliishi mtaa wa jirani na alikuja kusali humu kila alasiri, mpaka ugonjwa ulipomlaza, na baadaye akafariki.

Miaka michache baada ya kifo hicho, Bi Dalili alifika kwenye mada ya ustaarabu, pale anapoeleza kwamba Waislamu wa zamani waliichukulia elimu ya nyota kwa uzito kwa sababu walihitaji kujua nyakati za sala na upande wa Kaaba popote walipo. Akageuza kiti kunielekea.

"Mdogo wangu, nasikia kuna siku jua husimama juu ya Kaaba yenyewe."

"Mara mbili kwa mwaka, dada. Saa hiyo, popote jua linapoonekana, kivuli cha kitu kilichosimama wima hulala kwenye mstari wa kibla. Huhitaji hata dira."

"Dalili?"

Nilichukua mpira wa mwalimu wa michezo, nikautia alama kwa chaki, nikamzungushia taa ya mezani mpaka akaridhika. Kwa bahati, siku mojawapo kati ya hizo mbili ilikuwa imekaribia. Tukakubaliana kufundisha pamoja.

Siku ilipofika tuliwatoa wanafunzi nje, tukasimamisha fimbo ya chuma kwenye uwanja mdogo kando ya chumba cha sala, tukahakikisha kwa timazi ya fundi kwamba iko wima. Saa ilipotimia, Bi Dalili akawaambia wanyooshe uzi juu ya kivuli, kisha wauendeleze mpaka ukutani waone jinsi jengo lilivyoelekea huko huko. Alikuwa amekwisha andaa sentensi ya kufungia kipindi.

Uzi haukwenda sambamba na ukuta. Ulikwenda mshazari, kiasi kwamba aliyesimama kuelekea mihrabu ingembidi ageuze bega zima ili aufuate.

"Simamisheni vizuri hiyo fimbo," akasema.

Wakaisimamisha. Timazi ikashushwa upya. Kivuli kikalala pale pale.

Mwanafunzi mmoja wa kike, bila ubaya wowote, akasema, "Mwalimu, dalili si ndiyo hiyo imelala chini?"

Walicheka. Kisha wakamtazama uso, wakaacha.

Habari ilienea kabla hata hatujaukunja ule uzi. Kufikia sala ya alasiri kulikuwa na kambi mbili. Wapo waliosimama kuufuata ukuta kama walivyozoea, na wapo waliosimama kuufuata uzi, ndani ya chumba kimoja, nyuma ya imamu mmoja, wakigongana viwiko kila wakiinama. Imamu alikuwa mwalimu wa hesabu. Baada ya sala alisimama mbele ya ubao darasani kwake, akaanza kukokotoa ni sala ngapi amewasalisha watu upande usio wenyewe tangu aanze kazi. Alifika mahali akaiweka chaki chini, akakaa, akashika kichwa.

Kisha watu wakaanza kutafuta wa kulaumiwa, na aliyelaumiwa hakuwepo kujitetea. Ikasemwa kwamba fundi alikuwa na haraka. Ikasemwa alikisia tu. Mtu mmoja alisema jikoni, kwa sauti ya kusikika mpaka getini, kwamba kuna watu wakipewa kazi ya Mungu huifanya kama kibanda cha kuku.

Siku iliyofuata, mchana, tulisikia vishindo kutoka nyuma ya stoo. Bi Dalili aliniwahi kutoka nje. Tulimkuta mzee wa geti ndani ya chumba cha sala, peke yake, sare yake imejaa vumbi la saruji, ameshika mtaimbo. Alikuwa amekwisha toboa mihrabu na matofali mawili yalikuwa chini.

"Mzee, weka chini hicho chuma," Bi Dalili akasema.

"Niache, mwalimu. Ukuta huu tuliujenga sisi. Acha niubomoe mwenyewe kabla watu hawajaja kuubomoa kwa matusi."

"Hakuna atakayebomoa kitu. Weka chini tuongee."

"Tuongee nini? Kaka yangu alikufa akijua ameacha sadaka inayoendelea. Kumbe ameacha mzigo." Aliushusha mtaimbo lakini hakuuachia. Alikuwa akihema. "Wewe ndiye mwalimu. Nijibu. Mimi niko hai, nikiambiwa rudia nitarudia, hata kama nitasali mpaka magoti yaote sugu. Yeye atarudiaje? Sala zake zote zile zimekwenda wapi?"

Nimekaa jirani na Bi Dalili kwa muda mrefu, na nimemsikia akijibu wakaguzi, wazazi wakali na wanafunzi wajanja. Sijawahi kumwona akikosa neno. Isipokuwa siku hiyo. Akakaa chini kwenye zulia, kati ya vipande vya matofali.

"Ninayo maneno ya kukufariji," akasema mwishowe, "lakini sitaki kukujibu kwa huruma, halafu kesho ukaniambia nilikudanganya. Sijui jibu lake lote. Nipe mpaka kesho."

Mzee akauegemeza mtaimbo ukutani, akatoka, akarudi getini kwake. Jioni ile aliwafungulia watu bila kuuliza habari za nyumbani kwa mtu yeyote.

Kesho yake Bi Dalili alifika kazini mapema, jambo ambalo peke yake lilitutia hofu. Macho yalikuwa mekundu. Hakupita ofisini, alikwenda moja kwa moja getini, akanivuta na mimi.

"Kabla sijasema kitu nataka kujua," alimwambia mzee. "Kaka yako aliipataje kibla? Usinifiche na usimpambe. Nieleze alivyofanya."

Mzee akatueleza. Kaka yake hakukisia. Alikwenda mpaka kwa wapima barabara waliokuwa na kambi karibu na hapa, akawaomba dira, wakamwazima. Akaja na vigingi na kamba. Ardhi ilikuwa matope kwa sababu ya mvua, naye akaogopa kuilowesha dira ya watu.

"Kwa hiyo akaiweka wapi?" nikauliza.

"Juu ya nondo. Tulikuwa tumezirundika pale pale, palikuwa pakavu. Alipima, akang'oa vigingi, akapima tena. Mara tatu. Mimi nilimwambia inatosha, akanigombeza. Akaniambia hiki si choo tunachojenga."

Nilikimbia mpaka kabati la jiografia na kurudi na dira. Nyuma ya stoo kulikuwa na nondo zilizosalia kwenye ujenzi wa maabara. Nikaiweka dira chini, kwenye udongo, mbali nazo, sindano ikatulia. Nikamwambia mzee atazame. Kisha nikaiinua na kuiweka juu ya rundo la nondo. Sindano ikacheza, ikageuka, ikatulia upande mwingine kabisa.

"Chuma huivuta, mzee. Angepima hata mara mia, ingemdanganya mara zote mia."

Mzee aliinama, akaitazama ile sindano kwa karibu.

"Kwa hiyo hakuwa mzembe?"

"Hakuwa mzembe," akasema Bi Dalili. "Na hilo nilitaka watu walisikie leo."

Aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na baada ya chakula watu wote wakabaki bwaloni: wanafunzi, walimu, wapishi, na majirani wanaokuja kusali kwetu. Nilitegemea hotuba. Alianza kwa kuonyesha dira na nondo, kama vile yuko darasani, na kueleza alichokifanya marehemu, hatua kwa hatua. Yule aliyesema maneno ya kibanda cha kuku akatazama meza.

Kisha akaingia kwenye sheria, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi, kwa sababu angeweza kuwapa watu nusu ya jibu ile iliyo tamu na wangemshukuru.

"Wanachuoni wamehitilafiana," akasema. "Wapo waliosema aliyejitahidi kuitafuta kibla, akasali, kisha ikabainika amekosea, hana deni. Wapo waliosema akiwa na yakini ya kosa, arudie. Na wapo wanaosema mchepuko kama huu wa kwetu bado uko ndani ya upande unaokubalika. Wote ni wakubwa, sitamficha mmoja ili mwingine apendeze. Atakayerudia kwa tahadhari, arudie, asimdharau asiyerudia. Na asiyerudia, asimcheke mwenzake. Lakini mnaanza kurudia kwa sababu juzi mmejua. Marehemu hakujua. Alikufa akiwa na kile alichokipata kwa juhudi yake, na mwenye kujitahidi akakosea tumefundishwa kwamba ana ujira wake."

Nilidhani amemaliza.

"Jana niliulizwa swali," akaendelea, "na nilishindwa kulijibu. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba nimelifundisha jibu lake kila mwaka tangu nianze kazi."

Akawasimulia yale ambayo kila mwanafunzi wake ameyakariri. Kwamba Mtume na maswahaba wake, walipofika Madina, walisali kwa zaidi ya mwaka wakielekea Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu. Kwamba amri ikashuka wageukie Kaaba, na habari ikawakuta baadhi ya watu wamo ndani ya sala, wakageuka hapo hapo walipo. Na kwamba baada ya furaha ile, kuna watu walikwenda kwa Mtume na wasiwasi. Walikuwa na ndugu zao waliokufa kabla ya kugeuka. Wakauliza, sala zao zimekuwaje?

"Kila mwaka nawauliza kwenye mtihani: taja mwaka, taja mahali, eleza sababu," akasema, na sauti ikaanza kumtoroka. "Sijawahi hata siku moja kujiuliza wale watu walikuwa wanamlilia nani. Walikuwa wanawalilia kaka zao. Ni swali lile lile, mzee wangu. Na hawakujibiwa na mwalimu. Jibu liliteremka kutoka juu, kwamba Mwenyezi Mungu si wa kuwapotezea imani yao. Wafasiri wakasema imani hapo ni zile sala zao."

Akafuta uso kwa upindo wa mtandio, mbele ya shule nzima, bila kujificha.

Mzee wa geti alikuwa amesimama karibu na mlango, kwa sababu hata siku hiyo hakutaka kuwa mbali na geti. Alivua kofia yake ya kazi, akaishika kifuani. Machozi yalimtoka, naye hakuyagusa. Mwalimu wa hesabu alikwenda akasimama pembeni yake, bega kwa bega. Mzee akavaa kofia.

"Basi tukageuze mistari," akasema. "Alasiri imekaribia."

Tuliigeuza siku hiyo hiyo, kwa uzi, chaki na ubishi mwingi. Ndiyo maana zulia liko vile. Kwa kuwa chumba ni cha mraba na safu ni mshazari, safu ya kwanza ina nafasi ya mtu mmoja tu, tena mwembamba, na kwa miaka yote hii nafasi hiyo imekuwa ya mkutubi. Imamu husimama kwenye pembe karibu na dirisha, na wiki ya kwanza alijigonga kwenye ubao wa dirisha kila alipoinuka kutoka kwenye rukuu. Mihrabu iliyotobolewa mzee aliiziba mwenyewe, akataka na kuisawazisha kwa mikono yake, na leo ina rafu za vitabu. Siku ile, watu walipomaliza kusali na kutoka, yeye alibaki amekaa. Bi Dalili ndiye aliyelinda geti. Alimwuliza kila aliyepita kitambulisho, akiwemo mkuu wa shule.

Tukio lile lilimbadilisha na yeye. Mitihani yake ya historia ilianza kuwa na maswali ya ajabu. Badala ya "taja sababu tatu", aliuliza, "Kama ungekuwa umemzika ndugu yako wiki moja kabla, ungeuliza nini?" Wenzake wa idara walilalamika kwamba maswali hayo hayasahihishiki. Alikubali kwamba hayasahihishiki, akaendelea kuyatunga. Matokeo ya somo lake hayakushuka. Yalipanda, mpaka wilaya ikatuma watu kuja kuangalia, na watu hao nao wakaulizwa wana ushahidi gani kwamba wametumwa.

Wanafunzi wake wa zamani wametapakaa. Wapo wanaofundisha somo lake katika shule nyingine. Yupo mmoja aliye kadhi, ambaye tuna habari za kuaminika kwamba hugawa mkate mbele ya familia zinazogombana.

Jumatatu iliyopita alifundisha kipindi chake cha mwisho. Nilisikiliza upande wa pili wa ukuta, kama kawaida yangu. Hakufundisha mada mpya. Aliwaambia waulize chochote. Wakauliza ya qadari, yaani majaaliwa, ya roho, ya ndoa, mmoja akauliza kama paka huingia peponi. Akajibu anayoyajua, na yale asiyoyajua akasema hayajui. Mwishoni binti mmoja akauliza, "Mwalimu, unaogopa kustaafu?"

Nikasikia akifuta ubao.

"Ndiyo," akasema. "Kidogo. Nimezoea kuamka nikijua kuna mtu ataniuliza kitu."

Kengele ikalia. Nilisubiri ile kelele ya viti na viatu ambayo hutetemesha ramani zangu ukutani. Haikuja. Nikatoka nikachungulia mlangoni. Darasa zima lilikuwa limekaa, mikono juu ya madawati, na yeye amesimama na kifutio mkononi, hajui la kufanya. Alisema waende, mwalimu wa kipindi kinachofuata anawasubiri. Hawakuinuka. Akasema tena, kwa ukali. Hawakuinuka. Hatimaye mwalimu wa hesabu, mwenye kipindi hicho kinachofuata, alifika, akaona hali ilivyo, akaingia kimya kimya na kukaa kwenye dawati la nyuma. Akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina swali."

Kwa niaba ya uongozi wa shule, walimu, wafanyakazi wote na wanafunzi, tunakushukuru, dada yetu, kwa kutusomesha imani bila kututisha, sheria bila kutufungia mlango, na historia kama ya watu waliokuwa na ndugu kama sisi. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila uliyemwongoza, akupe afya, na akufungulie mlango wa kheri katika kila asubuhi utakayoamka bila kengele. Mumeo tumemwarifu kwamba kuanzia wiki ijayo atakuwa mwanafunzi pekee darasani. Amepokea habari hizo kwa ushujaa, na amesema yuko tayari kuulizwa. Nendeni mkaishi vyema, nyote wawili.